Mama Pedali

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anajilaza chini ubavuni mwa gurudumu na spana yake, mwingine anakaa kwenye kiti cha dereva, mguu juu ya pedali. Wa chini akisema "kanyaga," wa juu anakanyaga mara tatu nne. Akisema "shika," wa juu anaganda palepale na mguu wake. Skrubu ndogo inafunguliwa, mafuta ya breki yanatoka na mapovu yake, pedali inazama, skrubu inafungwa. Ndipo inasemwa "achia." Ukiachia kabla hujaambiwa, upepo unarudi ndani na mnaanza upya. Gereji kubwa zina mashine za kufanya hivyo, lakini Fundi alitengeneza breki uani kwake, na badala ya mashine alikuwa na mke.

Miaka kumi na mitano alikuwa akimkanyagia. Naye alikuwa fundi vilevile, fundi wa cherehani, tena mzuri kuliko wengi waliojitangaza kwa mabango. Ila jina hilo alimwachia mume wake, maana mteja akiita "Fundi!" mlangoni wasije wakatoka wote wawili wakigongana. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la uani, kwa hiyo mume hakuhitaji kuita mara mbili. "Mama, njoo unikanyagie," naye anachomeka sindano kwenye kitambaa isipotee, anavua ndara, anaingia kwenye gari la watu miguu mitupu. Alishikilia kwamba kiatu kinadanganya, na kwamba unyayo ukigusa chuma cha pedali unajua mara moja kama breki imekaza au bado ina upepo. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosea, na jambo hilo alijivunia kuliko gauni lolote alilowahi kushona.

Kazi ya Fundi hasa ilikuwa kalipa, kile chuma kizito kinachoikumbatia diski ya gurudumu na kuibana mpaka gari lisimame. Ndani yake mna pistoni, na pistoni imezungukwa na mpira mmoja mwembamba kama bangili ya mtoto. Mpira huo ukichakaa, mafuta yanavuja. Pistoni ikishika kutu, gurudumu linabana na kukataa kuachia. Watu walimletea magari, na wengine walimletea kalipa tupu mkononi, zimeviringishwa kwenye magazeti. Alizibana kwenye jiliwa la meza yake, akaisukuma pistoni itoke kwa upepo wa pampu, kipande cha mbao kimewekwa mbele yake isije ikaruka ikamvunja vidole. Mpira wa zamani aliung'oa kwa kijiti, kamwe si kwa bisibisi, maana bisibisi hukwaruza. Kisha maji, msasa laini, pumzi ndefu. Mpira mpya aliupaka mafuta ya breki kwa kidole chake cha mwisho na kuuketisha kwenye mfereji wake taratibu, huku akiwa ametoa ulimi nje kidogo. Mke wake alimcheka kwa ulimi ule tangu wakiwa wachumba.

Aliyempachika mke jina la Mama Pedali ni shemeji yake, mdogo wake Fundi, dereva wa gari la mikate. Huyo alikuwa shemeji kweli kweli. Aliingia bila kubisha, akafunua sufuria, akauliza kwa uchungu ni nani aliyekula nyama zote akamwachia mchuzi. "Kaka," alikuwa akisema mdomo umejaa, "wewe huna gereji. Una mwanamke mwenye mguu mzito. Siku mkiachana, wewe chukua nyumba, mimi nipe mguu tu." Na mke wa Fundi alimtupia kitambaa, kijiko, chochote kilichokuwa karibu, mbavu zikimuuma kwa kicheko. Hakuwa na kaka wa kuzaliwa naye. Huyu ndiye aliyekuwa kaka yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi mchana. Gari la mikate lilikuwa likivuta upande mmoja kila likifunga breki, na Fundi aliona mara moja kwamba kalipa ya kulia imekwama. Alizifungua zote mbili za mbele, kwa sababu breki hutengenezwa kwa jozi au haitengenezwi. Alifanya kazi yake yote kwa utaratibu ule ule, kijiti, msasa, kidole cha mwisho, na shemeji alizunguka uani akitazama saa, maana saa kumi mikate ilipaswa kuwa imepakiwa.

Chumbani kwenye cherehani nako kulikuwa na haraka yake. Mteja alikuwa amekaa kwenye kiti, amejifunga shuka kiunoni, anasubiri sketi yake pekee ya heshima itiwe zipu. Alikuwa na usaili wa kazi saa tisa. Zipu ilikuwa ya inchi nane, nusu imeshashonwa, nusu inaning'inia, na mwanamke yule alikuwa na tabia ya kushusha pumzi kila baada ya dakika mbili kwa namna ya kusikika mpaka barabarani.

Fundi alipoita, mke wake alitoka. Walitoa upepo gurudumu la kushoto, wakahamia la kulia. Kanyaga. Shika. Achia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano.

"Dada," sauti ikatoka dirishani, "mimi si nitachelewa jamani?"

"Nakuja mpenzi, nakuja."

"Imekaza?" aliuliza Fundi kutoka chini.

Alikanyaga. Pedali ilipanda vizuri, ikashika, kisha ikazama kidogo kabla ya kusimama, kama upana wa vidole viwili. Ilikuwa laini. Ilihitaji kurudiwa mara mbili zaidi, labda tatu, dakika kumi kwa ujumla. Unyayo wake ulijua, na yeye mwenyewe alijua kwamba unyayo umejua.

"Imekaza," alisema, akatafuta ndara zake.

Shemeji aliruka kwenye kiti kile kile kabla hakijapoa. "Mama Pedali, Mungu akuweke. Mkate wako nitaupitisha jioni, ule wenye zabibu." Akatoka kwa kurudi nyuma, akipiga honi ya bure mpaka kona.

Mteja alivaa sketi yake na akawahi. Saa kumi na moja, gari la mikate likiwa limejaa hadi juu, lilianza kuteremka mteremko wa kuelekea sokoni, na pedali ikaenda mpaka chini. Mbele kulikuwa na watu wanavuka. Shemeji aliona watu na akaona ukuta, akachagua ukuta. Aliishi siku tatu. Siku ya pili alimwambia kaka yake maneno machache, na miongoni mwao yalikuwa haya: "Kaka, pedali ilizama tu."

Hakuna aliyemlaumu Fundi mbele yake, na huenda ingekuwa afadhali wangemlaumu. Alikwenda kuliangalia gari lilipokuwa limeburutwa, akaomba apewe zile kalipa mbili za mbele, wakampa kwa sababu hazikuwa na maana tena kwa mtu yeyote. Akaziweka juu ya meza yake uani. Kuanzia mwezi huo hakugusa breki ya mtu. Alichomelea sufuria zilizotoboka, akatengeneza baiskeli na bawaba za milango, na kila Jumamosi mchana akakaa mezani na kuzifungua kalipa zile, moja baada ya nyingine, kuitafuta dhambi yake.

Alizifungua kwa miaka saba. Mke wake, kwenye cherehani chini ya dirisha, aliusikia ukaguzi ule mpaka akaukariri, kwa sababu Fundi alikuwa akijisemea kwa sauti. "Pistoni haina mkwaruzo. Mfereji safi. Mpira umekaa, haukujipinda. Pini zinateleza. Boliti nilikaza, nakumbuka nilikaza." Kisha: "Upepo tulitoa. Mama alisema imekaza." Na baada ya hapo alirudi kwenye mpira, akauinua juu kwenye mwanga, akausogeza karibu na jicho, akiamini kwamba kosa lazima liwe kwenye kitu alichokigusa yeye. Asingelipata kamwe. Mabomba yalikatika ukutani, mafuta yakamwagika barabarani, na upepo uliokuwamo ukaenda zake. Upepo hauachi alama kwenye chuma.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini mke hakusema? Yeye mwenyewe alijiuliza mpaka swali likaota kutu. Wakati wa msiba alisema atangoja watu watawanyike. Watu walipotawanyika, mume wake alikuwa hali, hanywi, akaona atammaliza. Mwezi ulipopita aliona haya kwamba mwezi umepita. Mwaka ulipopita, uongo wa neno moja ulikuwa umekuwa uongo wa mwaka mzima, na kila Jumamosi ulizidi kunenepa. Aliogopa, huo ndio ukweli. Alimpenda mume wake na aliogopa kumuona akimtazama kwa macho mengine. Akanyamaza kama maji mtungini, akaendesha cherehani kwa kasi zaidi mume alipofika kwenye neno upepo.

Zipu hakuweza tena. Wateja walizoea kwamba fundi huyu anatia vifungo tu, wakadhani ni mtindo.

Ndipo mama mkwe alipoanguka bafuni akavunjika nyonga. Alikuwa akiishi kwa binti yake, mtaa wa pili, na tangu siku ile hakunyanyuka. Daktari aliwaambia wamweke vizuri tu, wamfurahishe, jambo ambalo kila mtu alilielewa. Alhamisi moja, wakila chakula cha mchana, Fundi alisukuma sahani pembeni.

"Jumapili naenda kumwambia mama."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba mikono hii ndiyo iliyomuua mwanawe. Sitaki afe ananiita mwanangu mwema. Kila nikimpelekea dawa ananishukuru, mke wangu. Ananibusu mikono. Hii."

Aliinyoosha mezani, mikono mipana, myeusi kwenye kucha kwa mafuta ambayo miaka saba haikuyatoa. Mke wake aliitazama na ukataka kumtoka ukelele. Akauliza tu kama aongezewe maji.

Ijumaa hakushona kitu. Alikunja vitambaa akavikunjua. Alipanga maneno akayapangua. Alifikiri kwamba huenda mama mkwe angefariki kabla ya Jumapili, na alipojikuta anatamani hivyo alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa vitambaa vya watu, akalia.

Jumamosi mchana Fundi alikaa mezani kama kawaida. Jiliwa lililia. "Pistoni haina mkwaruzo," alianza. Mke wake alitoka. Hakuwa na ndara, hakukumbuka kuvaa viatu vyovyote. Alisimama ng'ambo ya meza mpaka mume akanyanyua macho.

"Baba, acha kulitafuta kosa huko. Haliko huko."

"Nini?"

"Haikukaza."

Fundi alibaki na mpira umemkaa kwenye kidole cha mwisho.

"Siku ile pedali haikukaza," alisema mke. "Uliniuliza nikasema imekaza. Ilikuwa inazama. Nilijua inazama. Nilikuwa na mteja ndani, nikataka nirudi nikamalize zipu yake."

Aliyasema yote kwa mkupuo, akashangaa yalivyokuwa machache. Miaka saba alikuwa ameyabeba akidhani ni maneno mengi.

"Ilizama kiasi gani?" aliuliza Fundi. Aliuliza kwa sauti ile ile anayomuulizia mteja gari linavuta upande gani.

Alimuonyesha. Vidole viwili, vimelala.

"Vidole viwili," alirudia Fundi. Alikitazama kipimo kile muda mrefu. Kisha akauchomoa mpira kidoleni akauweka juu ya gazeti, akaiweka pistoni kando yake, akaweka na kijiti, vyote kwa mstari kama afanyavyo akimaliza kazi. "Basi mpira ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, baba. Kila kitu chako kilikuwa kizima."

Alingoja afokewe. Alikuwa amejiandaa kwa kufokewa, kwa kusukumwa nje ya nyumba, kwa shemeji zake wote kuitwa kikao. Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Unajua," alisema mwishowe, "yule mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja. Fundi hatoi gari la breki mpaka akae mwenyewe, akanyage mwenyewe. Hata kama aliyekanyaga kabla ni baba yako. Niliishika sheria hiyo mpaka nilipokuoa wewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa bado nakanyaga baada yako, wewe hukujua, ulikuwa ukiondoka tu nakanyaga. Kila mara nakuta umesema kweli. Nikaacha. Niliona ni kukudharau."

Mke alishika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo kosa ni langu," alisema Fundi. "Gari lilitoka bila mimi kulikanyaga. Nilikuamini."

Angemfokea, angelia naye, angejitetea, wangefika mahali. Fundi aliinuka akaenda kuosha uso kwenye bomba, na maji yalisikika yakimwagika muda mrefu kuliko uso wa mtu unavyohitaji.

Jumapili alikwenda kwa mama yake peke yake. Alirudi adhuhuri, akavua shati, akalitundika.

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

"Kwamba gari lilitoka kwangu bila kupimwa."

Mke hakuthubutu kuuliza kama jina lake lilitajwa. Jibu alilipata Jumanne, zamu yake ya kwenda kumwogesha mama mkwe. Alikuwa akimfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kikongwe akiwa amegeukia ukutani, mwepesi kama nguo ya kuanikwa.

"Mkwe wangu," alisema mama, "mumeo kanieleza yote. Nimemsamehe, na nimemkataza kulisema tena. Wewe miaka saba umeishi na mtu mwenye mzigo ule, hukumkimbia, hukumsimanga. Mwanangu alipata mke. Mungu akulipe."

Mke wa Fundi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yalikuwa machache, alishajua kwamba ni machache. Alikikamua kitambaa, akakichovya, akakikamua tena. "Geuka kidogo mama, nikufute na ubavu," alisema. Safari hii hapakuwa na mteja dirishani wala zipu ya kusingizia. Alikuwa amenyamaza mwenyewe, kwa akili zake timamu, na mama mkwe alifariki wiki mbili baadaye akiwa anamwombea dua.

Baada ya msiba Fundi alimuuzia mnunua vyuma chakavu zile kalipa mbili. Akafagia uani, akatia mafuta jiliwa, na mtu wa kwanza alipokuja na gari linalopiga kelele mbele, hakumfukuza. Mikono yake ilikuwa imerudi. Habari zilisambaa, na baada ya miezi mitatu uani palikuwa pamejaa kama zamani, na mtu akipita barabarani angesikia tena vyuma na cherehani vikijibizana. Majirani walisema nyumba ile imefufuka. Mume na mke walikula pamoja, walizungumza juu ya bei ya vitambaa na mvua, na hata kucheka walicheka. Fundi hakumtupia mke wake neno baya hata siku moja. Hakuligusa jambo lile tena.

Naye bado humwita. Mke alikuwa ameogopa kwamba hataitwa tena, kwamba atatafutwa jirani au mashine. Lakini gari la kwanza lilipofika hatua ya kutoa upepo, alisikia, "Mama, njoo unikanyagie," akachomeka sindano, akaja mbio kama msichana. Alikaa akakanyaga kama mtu anayeswali. Alipoulizwa kama imekaza alisema bado, na bado, na bado, akarudia mara kumi na moja mpaka mafuta yakaanza kuisha kwenye chupa, na aliposema "imekaza," ilikuwa imekaza kama jiwe.

"Ahsante, mama," alisema Fundi.

Aliinuka, akajifuta mikono, akazunguka gari mpaka upande wa dereva, akamfungulia mlango. Akasimama hapo, kwa adabu. Ilimchukua mke muda kuelewa kwamba anangojwa ateremke. Aliteremka. Fundi akaingia, akavua kiatu cha kulia, akakanyaga mara tatu, taratibu, akisikiliza kwa unyayo wake.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo, kwa kila gari. Ni sheria nzuri, na mke wa Fundi angekuwa wa kwanza kumwambia mtu yeyote kwamba ni sheria nzuri. Huteremka kabla hajafunguliwa mlango, akasimama pembeni na kuangalia chini, mpaka mume wake amalize kuhakikisha.